Nzi Mwenye Ndevu

Juzi niliona nzi mwenye ndevu amekumbatia nyuki kwenye ua, akimfyonza, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa msichana mdogo huku Eldoret, nyapara wa shamba la mzungu alichukua mzinga wa baba, akautundika nyuma ya nyumba yake. Alasiri moja, ngano ikinukia jua, nilinasa nzi kama huyo kwa kikombe, nikamwachilia pale mzingani.

"Maliza wote!" nilimnong'oneza. Sikujua kwamba akila nyuki mmoja hushiba, akaenda zake.

Nilipomsimulia baba, aliniambia, "Lakini mama, hao nyuki ni wetu. Wamehamishwa tu."

Nililia sana. Kesho yake nilikusanya siafu, nikawamwaga ndani ya buti za nyapara mwenyewe.