Doa la Asali Juu ya Boneti

Kiwanda kilichounganisha zile pikapu hakikuzigusa tena zikishatoka mlangoni. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofunzwa nilipoajiriwa katika yadi ya Embu, miaka ile redio ilipokuwa ikituambia kila asubuhi kwamba uchumi unakua, na kwa kweli kila mwenye majani chai au miraa alitaka pikapu mpya. Kuyahifadhi magari ilikuwa kandarasi ya kampuni yetu. Kuyabeba kwa lori ilikuwa ya kampuni nyingine. Kuyaosha, ya tatu. Kampuni ya nne ilishika betri, na ukitaka kusogeza gari hatua kumi ndani ya yadi ulimngoja mtu wa betri, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa akingojwa Meru.

Mimi nilikuwa mkaguzi. Nilisafiri na lori, na gari likifika kwa mnunuzi nililizunguka na fomu yenye safu nne: mkwaruzo, bonyeo, ufa, doa. Safu zikiwa tupu, mnunuzi alitia sahihi, tukaenda zetu. Ukiandika chochote, fomu ilihesabiwa kuwa imechafuka, na fomu tatu chafu katika mwaka zilimpeleka mkaguzi nyumbani. Mimi nilikuwa na mbili tayari. Ya kwanza ililetwa na ndege aliyejisaidia juu ya kioo tuliposimama Makutano. Ya pili ililetwa na mama aliyeegemeza mkungu wa ndizi kwenye mlango wa gari jipya huku akituomba lifti. Nilikuwa na chumba mtaa wa Dallas, papo hapo Embu, na watoto wawili shuleni, kwa hiyo fomu ya tatu niliiogopa kuliko simba, ambaye hata hivyo sijawahi kumwona.

Ndipo tukaagizwa kupeleka pikapu nyeupe Muthara.

Mnunuzi alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa amekataa kuipokea mjini kwa sababu mama yake, aliyekuwa amepita miaka tisini, hatoki tena nje ya boma, na katika nyumba ile hakuna kitu kikubwa kinachopokelewa kabla yeye hajakibariki. Ng'ombe wamebarikiwa hivyo, mashine ya kusaga imebarikiwa hivyo, hata tangi la maji. Tulipofika tulikuta majirani wamekaa kwenye viti vya kukodi na kwaya ya kanisa imesimama kwa mistari. Shosho mwenyewe, yule mama mkongwe, alikuwa mbele kabisa, kwenye kiti cha mikono, na kibuyu mapajani.

"Mwalimu, weka sahihi hapa kwanza, ndio tuishushe," nilimwambia.

"Madam, siwezi kusaini kitu mama hajabariki."

"Na mtu hawezi kuigusa kabla hujasaini. Hiyo ni rule."

"Basi iko shida," alisema kwa upole kabisa.

Tulibishana karibu saa nzima. Sahihi ilingoja baraka na baraka ilingoja sahihi. Dereva wa lori alifungua gazeti na kuanza kusoma, maana kampuni yake haikuwa na kandarasi ya ubishi. Kwaya iliimba wimbo mmoja mara tatu.

Shosho hakungoja tumalize. Wanawe wawili, wazee wenye mvi zao, walimwinua na kiti chake wakampandisha juu ya lori. Alipiga fundo moja la maji ya asali kutoka kwenye kibuyu, akatemea boneti. Akapiga la pili, akatemea kioo, kisha akaomba kwa sauti ndogo, jina la Mungu na majina ya waliotangulia yakifuatana. Mimi ni mtu wa Embu, siwezi kujifanya sikujua kilichokuwa kikifanyika. Mate ya mzee ni baraka. Nyanya yangu alinitemea kifuani kabla ya mtihani wa darasa la nane, na nilipita.

Lakini picha nne zilitakiwa Embu kabla ya gari kushuka. Nilizipiga kwa simu, nikazituma. Msimamizi wangu alipiga simu mara moja.

"Hiyo ni nini kwa boneti?"

"Ni baraka, bosi."

"Baraka iko column gani?"

"Haiko."

"Basi ni doa. Rudisha gari Embu ioshwe."

"Si nipanguse tu na kitambaa?"

"Wewe ni wa kuosha?"

Mwalimu alisikia kila neno, kwa sababu msimamizi wangu huongea na simu kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. "Mkiosha hiyo," mwalimu aliniambia, "mmekataa mama yangu." Wazee wenye mvi wakasimama mbele ya lori. Nyuki nao walikuwa wamekwisha fika, na hakuna aliyejua walikuwa chini ya kandarasi ya nani.

Dereva aliniita kando. "Niko na maji kwa chupa. Waambie waombe, wafunge macho, nipanguse haraka. Nani atajua?"

Niseme ukweli, nilitaka. Niliwaona watoto wangu wakirudishwa kutoka shuleni, nikaona godoro letu limetolewa nje pale Dallas. Kisha nikamtazama shosho. Alikuwa bado juu ya lori kwenye kiti chake, midomo inang'aa asali, akinitazama mimi, si gari. Niliona aibu, na aibu ikanipandisha hasira. Nilitoa rula ambayo kazi yake ilikuwa kupima mikwaruzo, nikachora safu ya tano. Juu yake niliandika "Baraka," chini nikaweka alama ya vema. Safu ya doa niliiacha tupu. Mwalimu akasaini bila kuondoa kofia ya kalamu vizuri, akajichafua kidole.

Pikapu haikuwaka, kwa kuwa mtu wa betri alikuwa Meru mjini. Kwaya iliishusha kwa kuisukuma, sauti ya nne upande wa kushoto.

Baada ya wiki mbili nilifutwa. Hata kufuta watu ilikuwa kandarasi ya kampuni nyingine, ya tano. Alikuja mwanamume mwenye tai ambaye hakunijua, akauliza ni yupi kati yetu, akanisomea kosa: kuongeza safu kwenye fomu ya mteja. Halafu akanipa karatasi niseme, kutoka moja hadi tano, nimeridhika kiasi gani na huduma ya kufutwa. Nilimpa nne, kwa sababu hakuchelewa. Nililia njia nzima hadi Dallas, na watu waliopishana nami wakadhani nimefiwa.

Mwaka uliofuata, nikiwa nauza nguo za mitumba, nilikutana pale Makutano na mkaguzi aliyechukua nafasi yangu. Alinionyesha fomu mpya. Ilikuwa na safu tano. Ya tano, iliyochapishwa kwa mstari ulionyooka kuliko wangu, ilisema "Baraka," na chini yake kwa herufi ndogo: itolewe na mtoa huduma aliyeidhinishwa. Nilicheka mpaka muuza mahindi akaniuliza kama niko sawa. Nilimwomba yule mkaguzi nakala moja, nikapanda gari la Muthara siku hiyo hiyo.

Pikapu ilikuwa uani, safi, isipokuwa duara la rangi ya kahawia juu ya boneti. Mwalimu alikuwa akiiosha kwa kulizunguka duara hilo. Shosho alikuwa amepungua sana, lakini alinijua. Nilimsomea fomu, nikimgeuzia maneno kwa lugha ya nyumbani.

"Ni nani huyo wa kuniruhusu?" aliuliza.

"Sijui, shosho. Mimi siko huko tena."

"Walikufukuza kwa ajili ya mate yangu?"

Nilitafuta uongo wa heshima nikaukosa. "Ndiyo," nikasema.

Hakusema pole. Aliomba kibuyu, akapiga fundo, akanivuta kwa mkono mpaka nikapiga magoti, akanitemea kifuani. Nilishuka Embu jioni na blauzi yenye doa, na hapakuwa na mtu niliyepaswa kumjazia fomu.