Chai kwa Namba ya Ofisi

Ukitaka kumjua Fundi Recai, anza na baba yake. Mzee yule alikuwa mtumishi wa manispaa hapa Bursa, Uturuki, kazi yake kuzunguka masokoni akikagua mizani na kuipiga muhuri. Mwanawe alikua akisikia neno moja: siku watu watakapoacha kuamini muhuri watarudi kupima kwa viganja, na viganja havilingani. Recai hakuirithi kazi ile, alilirithi neno. Akawa fundi wa chai katika jengo letu la wauza nyuzi na vitambaa, akakaa miaka ishirini na sita katika chumba kimoja chenye jiko, chini ya ngazi. Miaka yote hiyo sikumsikia hata mara moja akitilia shaka kitu chenye muhuri.

Mimi ni Selami, muuza vifungo. Duka langu linatazamana na jiko lake, hatua tisa ukivuka ua. Ninayoyasema niliyaona, na mengine niliyafanya, kwa hiyo usinitarajie nijisafishe.

Kwetu mtu haanzi kupatana bei kabla ya kupewa chai. Akija wa vifungo sita vya koti, chai. Akija wa kudai kodi, chai vilevile. Ndiyo maana fundi wa chai hasumbuki na chenji siku nzima. Tunanunua kwake marka, vidude bapa vya duara vya plastiki nyekundu, ukubwa wa kifungo, mia kwa mpigo, kwa bei ya siku hiyo. Akileta glasi unatupa marka moja kwenye sinia lake, mmemalizana. Marka moja ni chai moja, hata ukiinunua leo ukaja kuinywea mwakani. Hilo Recai alilisema siku ya kwanza alipowasha jiko, na hakulibadilisha.

Lira ilipoanza kuporomoka, kila mwezi ikawa ugomvi juu ya bei ya chai. Aliyeongoza alikuwa Nezahat, muuza lesi wa ghorofani, mwanamke asiyemeza neno.

"Recai, hii ni chai au dhahabu ya kuchemsha?"

"Dada Nezahat, majani yamepanda."

"Kila siku yamepanda. Yana ngazi hayo majani?"

Recai hapendi ugomvi. Akabandika karatasi juu ya jiko: kuanzia sasa chai itapanda kila tarehe tatu ya mwezi, saa nne asubuhi, ofisi ya takwimu inapotangaza mfumuko wa bei, kwa kiasi kilekile itakachotangaza. Haitazidi, haitapungua.

Tukampigia makofi. Fahrettin, fundi cherehani wa pembeni yangu, alimkumbatia kabisa. "Hiyo ndiyo haki," akasema. "Hapo hakuna wa kumlaumu mwenzake." Fahrettin huyohuyo, kila gazeti lilipoingia na ile namba, alikuwa akiuliza hao wa ofisi wananunua soko gani, tuhamie huko. Na mimi bei ya vifungo niliipandisha kila muuzaji wa jumla aliponipigia simu kutoka Istanbul. Sikusubiri tarehe tatu hata siku moja. Kwenye chai ya mwenzetu tuliiamini ofisi, kwenye bidhaa zetu tuliamini simu.

Nezahat ndiye aliyeuona mwanya kwanza. Tarehe mbili ya mwezi uliofuata nikamwona anapanda ngazi na mfuko wa marka mia tano.

"Dada, una harusi?"

"Harusi ya nani? Majani ya chai yamepanda kwa robo nzima mwezi huu. Kesho ofisi itasema tatu kwa mia, na huyu mjinga wetu atapandisha tatu. Dola siiwezi, dhahabu siiwezi. Nanunua chai."

Kufika jioni jengo zima lilikuwa limesikia. Mimi nilinunua mia mbili, nikazimimina katika kopo la vifungo vyekundu ambapo jicho la haraka halizitofautishi. Mwezi uliofuata nikaongeza. Haba na haba hujaza kibaba, nikajiambia, kana kwamba nilikuwa nafanya jambo la kusifiwa. Marka zikawa mali. Wacheza bao walishindania marka, wapagazi walizipokea kama bahashishi, na Fahrettin alimlipa mshona vishikizo wake nusu kwa lira, nusu kwa marka, na yule mama akaona amependelewa.

Recai mwanzoni alifurahi. Kila tarehe mbili fedha zilimjaa mkononi, akazipeleka benki kama mtu mwenye adabu. Wiki tatu baadaye alipozitoa anunue majani na sukari na mtungi wa gesi, zilikuwa hazitoshi. Alikuwa ametuuzia chai ya miezi ijayo kwa bei ya jana, na jiko lile ndilo lililokuwa linalisha nyumba yake.

Mkewe, Güzide, alimletea chakula kila mchana. Alikuwa na bangili tano za dhahabu, za harusi, na ulizisikia kabla hujamwona. Siku moja nikasikia nne. Nilidhani masikio yangu. Baadaye zikawa mbili, na siku hiyo nilikuwepo pale jikoni nasubiri chai.

"Namba ya mwezi imetoka?" Güzide akamuuliza.

"Imetoka. Tatu na kidogo."

"Mafuta ya alizeti niliyanunua kwa tisini, leo ni mia na ishirini. Hiyo tatu wameipata wapi, Recai?"

"Ofisi inapima nchi nzima, Güzide. Wewe unapima kikapu chako."

"Ndicho ninachokula, kikapu changu. Nchi nzima siijui ladha yake."

"Kuna vitu vimepanda sana, kuna visivyopanda. Wanachanganya, wanapata wastani. Ni hesabu hiyo, si umbea."

"Basi nitajie kimoja kisichopanda, nikakinunue leo."

Recai akawa anafuta glasi iliyokwisha kufutwa. Nilijua jibu, wala halikuwa mbali. Kilichokuwa hakipandi Bursa nzima ni chai yake.

Katikati ya vuli sanduku lake la marka likawa tupu. Alikuwa na marka elfu mbili, na siku zote nusu ilikuwa kwetu, nusu iko kwake. Sasa zinatoka, hazirudi. Mtu mwingine angeshuku majirani. Recai alijishuku mwenyewe. Aliamua kwamba macho yamechoka, kwamba marka zinanata kwenye sinia lililolowa naye anazitupa pamoja na makapi ya majani. Asubuhi moja nikamkuta amepiga magoti uani, amemwaga ndoo tatu za makapi juu ya karatasi, anayachambua kwa vidole.

"Nimezeeka, Selami. Nimetupa mali."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Sikusema. Nilikunja suruali, nikapiga magoti kando yake, nikachambua makapi naye kwa nusu saa, na kopo langu limejaa hatua tisa kutoka pale. Nimefanya mabaya mengine maishani, ila hilo ndilo linaloniamsha.

Hatukupata hata moja. Akaosha mikono, akapita duka kwa duka kuuliza kila mtu ana marka ngapi. Nezahat akasema ishirini, labda. Fahrettin akasema kumi na tano. Alipofika kwangu nikasema, "Chache tu, kaka. Kumi na mbili hivi." Jengo zima lilikuwa na chache tu. Akatuamini sote, kama alivyoiamini ofisi, na kwa sababu ileile: hakuona kwa nini tumdanganye. Kila asubuhi tulikuwa tukiteta juu ya wanaotoa namba ndogo wakati watu wanaumia, na asubuhi ile sisi ndio tulikuwa ofisi.

Hesabu yetu ikampa kwamba marka elfu na mia saba zimepotea. Akaenda kwa mtengeneza plastiki akaagiza elfu mbili mpya. Hizo nazo tukazinunua tarehe mbili.

Baridi ilipoingia, droo zilikuwa zimeshiba. Hakuna aliyenunua marka Desemba yote, wala Januari. Glasi arobaini zilitoka kila siku, marka zikaingia sandukuni, senti haikuingia. Baridi ile watu walikunywa sana. Recai hakupunguza majani, hakupunguza sukari, hakuibadilisha ile karatasi juu ya jiko. Güzide alileta chakula bila mlio wowote, mikono mitupu kabisa. Mwenye jengo akataka kodi ya chumba, Recai hana. Akapewa hadi mwisho wa Februari ahame.

Siku mbili kabla ya kuondoka akapita tena duka kwa duka.

"Sitaki kufunga jiko nikiwa na deni la mtu. Mna marka ngapi bado?"

Safari hii haikuwa tamaa, ilikuwa aibu. Nani angesema mia nne mbele ya uso ule? Nezahat alisema kumi, akageuka kupanga lesi iliyokuwa imepangwa. Fahrettin alisema nane. Nikasema tano. Akachemsha majani ya mwisho, akatuletea: kumi kwa Nezahat, nane kwa Fahrettin, tano kwangu, siku ile yote, hadi tulipomaliza tulizozitaja. Kisha akazima gesi.

Kesho yake alikuja dukani kwangu na koti lake mkononi.

"Naenda kuomba kazi kwenye maegesho ya magari. Koti halina kifungo cha juu. Vile vyekundu vilivyokolea, unavyo?"

"Chukua tu, kaka."

"Sema bei."

"Chukua."

"Selami, bei."

"Lira kumi."

"Mwaka jana nilimnunulia Güzide kwa tatu."

Alitikisa kichwa taratibu, bila hasira, kama mtu anayesikia habari za mji mwingine. Na wakati mimi natafuta neno, yeye alishanyoosha mkono kwenye rafu. Miaka ishirini na sita amekuwa akiingia dukani kwangu, anajua kila kopo lilipo. Alitia vidole katika vifungo vyekundu, akatoa marka. Akaitazama. Akatia tena, akatoa nne. Kisha akalishusha kopo, akalimimina juu ya meza, na plastiki ikazunguka hadi chini.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Nilisubiri anitukane. Ningefurahi anitukane.

"Ni ngapi?" akauliza.

"Mia tatu na kumi."

"Uhakika?"

"Nilizihesabu jana."

"Na wengine?"

"Wengine wana zaidi."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Ua ulikuwa kimya, jiko halikuwa linachemka. "Kwa hiyo hazikupotea," akasema.

"Hazikupotea."

"Mlijua kwamba namba ya ofisi haitoshi."

"Kila mtu alijua, kaka."

"Mbona hamkuniambia?"

Nilikuwa na majibu mengi mwaka mzima. Nikamwambia kweli: "Chai ilikuwa rahisi."

Alichagua kifungo, akaweka lira kumi mezani, akaniomba sindano, akakishona palepale. Alipomaliza akasema, "Wengine walishasema zao, nikawalipa walizosema. Wewe umesema mia tatu na kumi."

"Sikudai, Fundi. Wallahi sikudai."

"Unanidai. Marka ni chai. Maneno yangu hayo, si ya ofisi."

Kazi ya maegesho aliipata. Anaingia zamu saa tatu, na saa mbili na nusu, kila siku isipokuwa Jumapili, anapita kwangu na chupa ya chai aliyoibandika Güzide nyumbani, na glasi moja imefungwa kwa kitambaa. Anamimina, anaweka vipande viwili vya sukari, anachukua marka moja mezani, anaitia mfukoni. Tunazungumza mambo ya hali ya hewa. Fundi mpya wa chai ameleta vikombe vya karatasi na anataka fedha taslimu, na bei anaibadilisha akipenda; Nezahat anamtukana kila siku, naye anacheka. Marka za Nezahat mia nne na kitu ziko droo ya chini. Hajawahi kumwambia Recai, na Recai hajamuuliza. Asubuhi ya tarehe nne redio huirudia namba, Recai akiwepo husikiliza hadi mwisho, kisha hufunga chupa yake na kwenda zamu.

Zimebaki mia moja na arobaini na mbili. Chai ni nzuri, majani hayajapunguzwa, na najua bei ya kilo moja wiki hii. Jana nilisukuma marka kumi mbele yake, nikamwambia, "Chukua hizi kwa mpigo, kaka, tupunguze safari."

Akachukua moja. Tisa akanirudishia.