Kaseti ya Siku Niliyoagwa

Mama anasema "ukichoka", halafu shangazi anapiga kigelegele. Hicho ndicho nilichobaki nacho kwenye laptop. Ukichoka, kisha kelele. Nimerudia kusikiliza mpaka masikio yanauma, na kila mara naishia hapo hapo.

Siku ya kuagwa kwangu, hapa hapa Mabira, mama alisimama mbele ya watu akanipa maneno ya mwisho kwa lugha yetu, Kinyambo. Sikuyasikia. Nilikuwa nimefunikwa kitenge, nimeinamisha kichwa, nalia kama bibi harusi anavyotakiwa kulia, ila mimi nililia kweli. Nilisikia pua yangu tu. Nikajiambia nitamuuliza mama siku yoyote. Kabla mwanangu hajazaliwa, mama akafariki. Tumemzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Mwaka huu nimerudi kwa baba. Mume wangu, kule Kayanga, alinipiga nikiwa nimembeba mtoto mgongoni. Nikafungasha begi, nikapanda bodaboda. Baba alinipa chumba na hakuuliza kitu. Aliyeuliza ni shangazi, dada yake baba, maana ndoa ile aliileta yeye na sifa zake alishazila zote. Alikuja kila jioni.

"Kuna mwenzako alipigwa mpaka jino likatoka. Leo ana nyumba ya bati."

"Basi akae humo na pengo lake."

"Mdomo huo ndio unaokupigisha."

Hayo niliyaweza. Nilichoshindwa ni pale alipomtaja mama. "Mama yako alikuambia uvumilie, mbele ya watu wote. Unamwaibisha huko aliko." Baba nilipomuuliza alisema wakati ule alikuwa nyuma ya nyumba anawagawia wageni rubisi, pombe yetu ya ndizi. Na sauti yenyewe ya mama imenitoka. Sura ninayo, sauti sina.

Mwisho nikachoka kubishana. Nikasema sawa, Jumatatu narudi kwa mume wangu, lakini kwanza nisikie kaseti.

Mjomba ndiye aliyerekodi sherehe, kwa kamera ndogo ya mtumba aliyoinunua Murongo, ya kaseti, siyo ya kadi. Ilikuwa kabatini kwa baba ndani ya mfuko wa nailoni, kaseti bado imo ndani yake. Kioo chake kimekufa, haionyeshi kitu mpaka uiunganishe na kitu kingine. Nikaenda Rubwera kwa fundi wa simu. Akanipa kidude cha kuchomeka kwenye laptop na waya wa vichwa vitatu.

"Wa njano ni picha. Mwekundu na mweupe ni sauti. Yote mitatu kwenye kidude. Na kaseti si kama flashi, dada, huikopi fasta. Unaicheza, laptop inanakili inavyokwenda. Sherehe ya saa nzima, unakaa saa nzima. Na usiirudishe-rudishe, imezeeka."

Laptop niliazima kwa jirani yetu, mwalimu. Nilitaka niwe peke yangu. Lakini kwetu hakuna mtu anayeangalia sherehe peke yake, na mlango haufungiwi mgeni. Jumapili baada ya ibada shangazi akaingia na wanawake wawili wa jirani. Nikawatolea kahawa ya kutafuna, nikabonyeza.

Picha ikatokea. Spika ya laptop ilikuwa dhaifu, inanong'ona tu.

"Ndiyo nini hii?" shangazi akauliza. "Tumekuja kuangalia mabubu?"

"Sauti inaingia ndani, shangazi. Tutaisikia vizuri baadaye."

"Baadaye lini? Televisheni ya baba yako si ile pale? Sauti ipeleke kule."

Nikachomoa mwekundu na mweupe, nikaipeleka kwenye televisheni. Wa njano ukabaki kwenye laptop. Nilidhani laptop itaisikia televisheni kama sisi tunavyoisikia. Na kweli iliisikia, kwa kile kitundu chake cha sauti, pamoja na kila aliyefungua mdomo pale sebuleni.

Na midomo ilifunguka. Nyimbo za kwenye kaseti waliziimba. Palipopigwa vigelegele, na wao wakapiga, kana kwamba naagwa upya.

"Nioneni nilivyokuwa mwembamba!" akasema mmoja wa wale wawili.

"Mwembamba wapi, gauni la kuazima hilo limekubana."

Nami nilicheka, siwezi kukataa.

Kisha mama akasimama. Nilikuwa nimeisahau ile namna yake ya kukohoa kidogo kabla ya kuongea. Akasema: mwanangu, huko uendako kuna kazi, ifanye. Wanawake wa kwenye kaseti wakapiga vigelegele, wa sebuleni wakawaunga mkono. Akasema: kuna wakubwa, waheshimu. Vigelegele tena. Akasema: ukichoka...

Shangazi akainuka kwenye kigoda na kigelegele ambacho sijawahi kukisikia kanisani wala harusini. Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Wale wawili wakadakia. Kilipokwisha, mama alikuwa ameshaketi.

"Shangazi!"

"Furaha imenizidi, mwanangu."

"Mama kasema nini?"

"Si nilikuambia? Uvumilie."

Walipoondoka nikarudisha waya yote mitatu mahali pake, nikairudisha kaseti nyuma. Kamera ikakoroma, ikalia kama panya, ikazima. Nilipoifungua, utepe ulikuwa umejisokota kwenye magurudumu, umekatika. Nilitukana. Baba alikuwa mlangoni, akajifanya hakusikia.

Kwa hiyo kilichobaki ni kile kilichonakiliwa na laptop. Jumatatu asubuhi, begi likiwa tayari karibu na mlango, nikazima sauti kabisa, maana kelele zile zilinitia wazimu. Nikaangalia picha peke yake.

Mama anasema la kazi, wanawake nyuma yake mikono juu, midomo wazi. Anasema la wakubwa, mikono juu. Anasema ukichoka na maneno mengine machache, huku anaelekeza kidevu nyuma yake, kwenye mlango wa nyumba. Hakuna mkono ulioinuka. Hakuna mdomo uliofunguka. Wamekaa. Na shangazi, mstari wa mbele na kitenge chake cha bluu, anageuka kumtazama mama kama mtu aliyemwaga maziwa ya wageni.

Mama akimwambia bibi harusi avumilie, wanawake wa kwetu hawakai kimya. Wangepiga vigelegele mpaka migomba itikisike.

Shangazi alifika na bodaboda ya kunipeleka. Nikamwekea laptop magotini.

"Siku ile hapa hukupiga kigelegele. Jana ulikipiga cha nini?"

Akaangalia. Akafuta kioo kwa pindo la khanga, kana kwamba kosa ni la vumbi.

"Picha haina mdomo," akasema.

"Wewe unao. Sema."

"Mama yako alikuwa na maneno yake. Leo angekuwepo kukulisha?"

"Kahawa ya baba anaichuma nani, shangazi? Maharage yale ameyapanda nani?"

Akamtazama baba. Baba alikohoa, akasema, "Mwambie mwenye pikipiki aende." Ndiyo sentensi ya kwanza aliyonisemea tangu nirudi. Shangazi alijifunga khanga upya. "Usije ukasema sikukushauri." Akapanda bodaboda ile yeye mwenyewe.

Hajaniambia mpaka leo. Pengine mama alisema ukichoka, rudi. Pengine alisema ukichoka, niite, na sasa siwezi kumwita. Sitamwekea maneno mdomoni, shangazi ameshafanya hivyo vya kutosha. Ninachojua ni lile ambalo hakulisema, na kile kidevu kilichoelekea mlangoni.

Nilifungua begi. Nguo za mtoto zilikuwa zimeshika harufu ya kukaa kwenye nailoni. Nikazifua zote, nikazianika kwenye kamba ya mama, ile iliyofungwa kwenye ukuta wa jiko.