Saa Tatu za Kungoja

Kaka yangu Zahran alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Shangani, na alikuwa na miaka mitatu hajagusa unga, ule wa kulevya. Mtaa uliomwona akisinzia barazani na kujikuna ulijua pia jinsi alivyoacha. Ramadhani ya mwaka 2000 alifunga siku ya kwanza huku mwili wote ukimtetemeka, akafunga ya pili, mpaka mwezi ukaisha. Hajaurudia tena.

Ramadhani ya 2003 hoteli ikaleta muuguzi kupima mkojo wa wafanyakazi wote. Zahran aliitwa saa tisa alasiri, anatoka kwenye joto la jiko. Akaingia chooni na kikombe, akatoka nacho kikavu.

"Nimefunga," alisema. "Tangu daku sijanywa tone."

Machano, msimamizi wake, alimsogezea chupa ya maji mbele ya wenziwe. "Kunywa, saumu utakuja kuilipa. Teja kaanza lini kumwogopa Mungu?"

Watu wakacheka.

"Saumu ndiyo iliyonishika mkono, Machano. Nikiiachia kwa ajili yako, kesho nitashika nini? Niwekeni kwenye kiti hiki mpaka magharibi, mnitazame. Adhana ikilia tu, nakujazieni ndoo."

Muuguzi akatazama saa yake. Zamu yake ilikuwa inakwisha saa kumi. Akaandika: amekataa kupimwa. Na kwa sheria ya hoteli, aliyekataa ni sawa na aliyekutwa na unga mwilini. Zahran akavua aproni siku ile ile.

Unga huacha alama kwenye mkojo siku mbili, hata tatu. Saa tatu za kukaa kitini zingefuta nini? Muuguzi alilijua hilo, ndilo alilosomea. Alinyamaza kwa sababu alitaka kwenda kwao.

Asubuhi yake Zahran alikwenda kupimwa mwenyewe, kabla maji ya daku hayajamwisha mwilini. Karatasi ikatoka safi. Akaipeleka hotelini.

"Tutajuaje mkojo ni wako?" alisema Machano, hata hakuikunjua.

Siku hizi Zahran anakaanga kaimati nje ya mlango wetu kila alasiri. Juzi alikuja Machano, na kanzu yake imepigwa pasi.

"Nifungie kumi, Zahran. Nyumbani wanazisifu."

Kaka yangu akamchagulia za moto, akamfungia vizuri gazetini, kwa mikono ile ile iliyovua aproni.

Mimi nilikuwa dirishani. Nisingemuuzia hata moja.