Giya Moja ya Elkana

Elkana alikuwa akisema kwamba baiskeli ya giya kumi ina giya tisa za uchokozi. Yake, aliyoiokota kwenye takataka za jirani mwaka 2004, ilitema cheni barabarani ilivyopenda, na ilikuwa imeshamchelewesha kazini mara mbili.

Jackie, msimamizi wake katika nyumba ya wazee hapo Pearland, mji wa ughaibuni, hakumung'unya maneno. "Elkana, ukikuja late mara ya tatu, nitaku-write up, na utaenda home."

Elkana aliogopa kweli. Kazi ile aliipenda, na wazee wale walishamzoea.

Basi Jumamosi akajifungia gereji. Akang'oa nyaya, akang'oa kile chuma kinachorusha cheni huku na huku. Nyuma kulikuwa na magurudumu matano ya meno, na ilimbidi achague moja. Hakufikiri hata kidogo. Akachagua lile kubwa kuliko yote, lile linalolainisha mlima, akafupisha cheni, akaikaza.

Mkewe, Nyaboke, alisimama mlangoni na kikombe cha chai. "Baba Brandon, hiyo itakufikisha?"

"Hata milima ya kwetu Keroka itapanda!"

Jumatatu akatoka mapema, akijipigia mluzi. Miguu ikazunguka mbio kama cherehani, baiskeli ikajikokota. Bibi mmoja aliyekuwa akikimbia mazoezi akampungia mkono, akampita. Elkana akazidi kukanyaga, jasho likamtiririka, na mbele yake barabara imelala tambarare mpaka macho yanachoka. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Pearland haina mlima. Haina hata kichuguu! Miaka sita ameishi hapa, na alipotakiwa kuchagua giya moja tu, mikono yake ilichagua ya milima ya kwao Kisii. Akacheka peke yake barabarani, kisha akaacha, maana alipakumbuka kwao ghafla mno.

Alifika amechelewa dakika tisa. Jackie alikuwa mlangoni na daftari. Elkana hakutafuta kisingizio, akamweleza yote.

Jackie, mzaliwa wa Nyamira, aliitazama baiskeli, akajiziba mdomo. "Yaani uliweka ya kupanda mlima Manga?"

"Niliweka."

Akalifunga daftari bila kuandika kitu.

"Ingia. Lakini jioni uibadilishe, please." Akatazama pembeni. "Mimi kila Julai, wakati wa baridi kule nyumbani, hununua sweta, na hapa ni joto tupu. Ziko nane kwa closet, na sijawahi kuvaa hata moja."