Wiki Thelathini na Mbili za Mama Faili

Pale mahakamani jina lake halisi walilijua watu wa mishahara tu. Wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi mawakili wenye sauti nene, walimwita Mama Faili. Alikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na mmoja, na faili likipotea hakuulizwa mtu mwingine. Angefumba macho kidogo, kisha aseme, "Rafu ya nne, chini, nyuma ya lile lenye jalada lililochanika." Na ndipo lilipokuwa.

Mwezi Februari, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, alimwambia hakimu kwamba anataka kufanya mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Hakimu alikaribia kusimama kwa furaha.

"Ufanye wa Machi huu huu! Wewe sheria unaila na kuinywa kila siku. Mwezi mmoja wa kujisomea unakutosha kabisa."

Maneno yale yalimwingia Mama Faili vizuri. Alirudi nyumbani kichwa juu. Lakini binti yake, mwalimu wa hesabu, hakuwa mtu wa kuyumbishwa na sifa. Jumapili aliweka mezani karatasi ya mtihani wa miaka iliyopita, akashika simu apime muda.

"Kwanza tujue uko wapi, mama. Tarehe tutapanga baadaye."

Muda ulipokwisha, kati ya maswali hamsini alikuwa amepata kumi na tisa. Kufaulu kulihitaji thelathini. Tena katika maswali yote hamkuwa na kifungu hata kimoja cha sheria! Zilikuwa habari ndefu za kusoma na mafumbo ya kupima hoja: nani anasema kweli, nani amerukia jibu. Mumewe, fundi wa majokofu, alijifanya anatafuta bisibisi chini ya kochi ili asimtazame usoni.

"Mama, umeona lakini?" binti alisema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Umejibu maswali ishirini na moja tu. Kumi na tisa umepata. Unachokijibu, karibu chote unapata. Unasoma polepole, basi."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amesoma kila habari kama anavyosoma faili, neno kwa neno, kana kwamba anatafuta muhuri uliosahauliwa.

Jioni ile alichukua kalenda ya ukutani akaanza kuhesabu kurudi nyuma kutoka Novemba, mtihani wa pili wa mwaka. Kuanzia katikati ya Februari kulikuwa na wiki thelathini na saba. Binti alitaka aanze kuandika saa za kusoma, mama akakataa.

"Ngoja. Nianze na siku nisizoweza."

Akazifuta wiki nne za Juni, mwezi wa ukaguzi, ambapo kila faili hushushwa na kuhesabiwa. Akafuta wiki moja ya harusi ya mpwa wake, kwa sababu alijua shangazi mtu hana ruhusa ya kukaa na kitabu. Zikabaki thelathini na mbili.

Kesho yake akamweleza hakimu.

"Umeogopa, Mama Faili?"

"Hapana, mheshimiwa. Naomba kuahirisha. Ushahidi wa upande wangu haujakamilika."

Hakimu akacheka hadi akavua miwani. "Ombi limekubaliwa."

Basi akajifunga kibwebwe. Kila siku ya kazi mlinzi alimfungulia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaketi katikati ya rafu, saa ya mkononi mbele yake, hadi saa mbili. Juni ilipofika hakufungua kitabu hata mara moja, na roho haikumsuta, maana aliyempa ruhusa ni yeye mwenyewe.

Agosti ndiyo iliyomtesa. Kwenye mtihani wa majaribio alipata ishirini na nne, wiki iliyofuata ishirini na nne, na ya tatu vilevile. Akataka kuongeza saa za kusoma mara mbili. Binti akamtuma kwanza arudie kila swali alilokosa na kuandika kwa nini. Hapo ndipo alipogundua tabia yake: alikuwa akirudia aya ya mwisho mara tatu kwa woga tu, huku jibu ameshaliona. Akapiga moyo konde, akajilazimisha kuamini macho yake. Septemba alipata thelathini na moja. Oktoba, thelathini na tano.

Siku ya mtihani, mlangoni mwa ukumbi, kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri alimkimbilia.

"Shikamoo mama. Sisi wa namba za mwisho tunaingilia wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hata mimi natafuta. Njoo tuulize."

Kijana akatazama kadi ya mtihani mkononi mwa Mama Faili, akajua amemdhania msimamizi. Aliona haya, lakini Mama Faili alikuwa ameshatangulia, hatua za mtu anayejua anakokwenda.

Matokeo yalitoka wiki tano baadaye, saa nne asubuhi. Thelathini na nane kati ya hamsini. Alisoma ile namba mara moja tu. Hakimu alisimamisha shughuli chumbani mwake akaja masjala kumpa mkono mbele ya mawakili. Mumewe, alipopigiwa simu, alikuwa ameinama nyuma ya jokofu la mteja, na sauti yake ilisikika ikitangaza habari ile kwa nyumba nzima ya watu asiowajua.

Wa mwisho kupigiwa alikuwa mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na masikio mazima.

"Mama, nimefaulu."

"Najua. Majirani nimewaambia tangu juzi."

"Jamani, mama! Matokeo yametoka leo."

"Sasa ningengoja nini? Haya, nieleze vizuri, masomo yanaanza lini? Wameshaniuliza, na mimi sikuwa na jibu."

Mama Faili akavuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza.