Mchicha wa Arvid

Eulalia Cantú alikuwa na miaka sitini na minne, na kiuno chake kilimtangulia kuzeeka. Siku hizi alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee, kwenye mji mdogo wa Minnesota, na alishaapa kwamba jembe hatalishika tena. Jumamosi moja ya Agosti, Arvid Tollefsrud, mkulima aliyemwajiri zamani, akaja kusimama mlangoni kwake, kofia mkononi.

"Mchicha pori umenishinda," alisema. "Napiga dawa, viazi vinabaki, nao unabaki."

"Si mlisema dawa hiyo inamaliza kila kitu?"

"Ilikuwa inamaliza. Sasa umeizoea."

Zamani Eulalia na mumewe, Nicanor, walitoka Texas kila Mei, siku tatu barabarani, kuja kupalilia viazi sukari vya Arvid. Kisha ikaja mbegu mpya: unapulizia dawa shamba zima, magugu yanakufa, kiazi hakina habari. Mwaka huo walikuta kufuli kwenye kibanda walichokuwa wakilala shambani kwa Arvid. Jamani, hata simu ya kuwaambia wasije? Mafuta ya kurudi hawakuwa nayo, wakalala garini wiki mbili, kisha wakalowea mjini hapo mpaka Nicanor akafa.

Eulalia alikwenda, hivyo hivyo na hasira zake. Shamba lile alilijua kuliko jiko lake.

Alipoliona, alichoka kabla ya kuanza. Arvid alikuwa amepalilia siku nne peke yake, na kila alichokata akakilaza katikati ya mistari, kama walivyofanya Eulalia na Nicanor enzi zile. Mvua ikanyesha. Mashina yakatoa mizizi upya, yakainua vichwa.

"Hapa hukupalilia, umepanda," alimwambia. "Huu haulazwi. Unang'olewa, unatiwa guniani, unatolewa shambani. Jike moja, ule mmea wa mbegu, likizimwaga, mwakani huna shamba."

"Nina siku ngapi?"

Eulalia alifikicha kichwa kimoja cha mchicha kiganjani. Mbegu zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. "Tano. Zikizidi, bahati yako."

Arvid akamnyooshea jembe. Hakulipokea.

"Mgongo sina. Mimi nitaonyesha, wewe utang'oa."

Wakaenda hivyo, mstari baada ya mstari, jua likiwapiga utosini. Kufika saa tisa alasiri Arvid alikuwa anatembea amejikunja, akiburuta gunia la kumi na tisa. Mwisho akaketi juu yake.

"Siku ile ya kufuli," alisema, "nilikuwa ndani ya nyumba yangu."

"Najua. Niliona pazia likicheza."

"Sikujua niwaambie nini."

Maneno hayo Eulalia alikuwa ameyangoja miaka kumi na saba. Sasa yamekuja, na kiuno kilimuuma vile vile.

"Nicanor alisema ni upepo," alisema. "Alikutetea mpaka siku anakufa."

Arvid aliitazama mikono yake iliyochubuka.

"Haya, inuka," alisema Eulalia. "Kuna jike pale umelipita."